Vumbi la Makaa Ndani ya Mashine Mpya

Nilibonyeza swichi, mashine ikalia pi, pi, pi, na kioo kikabaki cheusi. Feni ilizunguka kidogo, ikakata, ikazunguka tena, halafu ikanyamaza kabisa.

Nyuma yangu walikuwa wamesimama mke wangu, katekista wa kigango chetu akiwa bado ameshika chupa ya maji ya baraka, na akina mama wawili waliokuja kupiga picha za pasipoti.  Kisha mke wangu akasema kile nilichojua atasema.

"Umeiua."

"Sijaiua."

"Nani sasa? Mwalimu?"

Katekista huku tunamwita mwalimu. Mwalimu akaipeleka chupa nyuma ya mgongo, taratibu, kama mtu aliyekutwa na kuku si wake.

Sikuendelea kubishana, maana nilikuwa naangalia kidole changu. Nilikuwa nimekipitisha ndani ya ile mashine wakati naweka memori, chini kabisa kwenye kona, kikatoka cheusi. Vumbi la kwetu Mbuji ni jekundu, linakaa kwenye kola, linakaa kwenye chumvi, kila mtu analijua. Hili lilikuwa jeusi linalong'aa, ukilisugua kati ya vidole linateleza kama limepakwa mafuta. Weusi ule naujua. Nimeulalia, nimeula na ugali, nimeukohoa. Yalikuwa makaa ya mawe.

Na ile mashine ilikuwa mpya. Niliitoa mwenyewe kwenye boksi. Sasa makaa yaliingiaje?

Naandika haya kwa sababu hapa kijijini habari imeshasimuliwa kwa upande mmoja. Imesimuliwa kwamba mzee mwenye steshenari, mwenye mguu mbovu, alijifanya fundi akaua kompyuta yake mwenyewe. Watu wanaleta barua zao mpaka mlangoni, wanakumbuka, wanageuza kwenda kuchapa Mbinga mjini. Steshenari hii ndiyo shamba langu. Kulima siwezi, mashimo ya ngolo tunayolimia kule mteremkoni yanataka mtu wa miguu miwili. Nikionekana muuaji wa mashine, nimekwisha. Kwa hiyo nitasema ilivyokuwa, na wahusika watajijua.

Shule yangu iliishia darasa la saba, na la saba lenyewe nusu nilikuwa kwenye kahawa ya baba. Nilipokuwa na nguvu nilikwenda Ngaka, kwenye makaa ya mawe. Sikuajiriwa na mgodi. Nilikuwa kibarua wa mtu binafsi mwenye malori yake, kazi yetu kufunga maturubai na kufagia makaa yaliyomwagika. Siku moja lori lilirudi nyuma bila dereva kutazama. Mwenzangu tuliyekuwa tunafagia naye hakuinuka. Mimi niliinuka na mguu huu nilionao. Msimamizi wetu alikuja hospitali, akasimama miguuni pa kitanda, akasema, "Lakini na nyinyi mlikaa pale mmetumwa na nani?" Aliyetutuma pale ni yeye. Tangu siku hiyo mtu akinitazama usoni akaniambia nimejitakia, kwanza huwa naangalia alikuwa amesimama wapi wakati jambo linatokea.

Basi. Nilianza steshenari na kompyuta kuukuu niliyoachiwa na mtumishi mmoja aliyehamishwa kurudi mkoa wa kwao. Ilichoka, nikaibembeleza, ikafa. Nikasema safari hii nataka kitu kipya, kitu ambacho hakijapita mkononi mwa mtu. Nimekula mabaki ya watu vya kutosha.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza usipa, wale dagaa wa ziwani, Mbamba Bay. Akapiga simu: "Shemeji, njoo huku ziwani. Kuna kijana kafungua duka la vitu vya umeme, mzigo unashuka na meli, mpya kabisa, na ni mtu wa kanisani."

Hilo la kanisani lilitakiwa kunishtua. Mtu anayeuza kompyuta anakutajia kanisa la nini? Lakini ni shemeji. Nikapanda gari, tukashuka milima ile mpaka masikio yakaziba, nikafika kwenye joto nimevaa sweta la Mbinga kama mgonjwa.

Duka lilikuwa safi. Mwenye duka ni kijana wa maneno laini, kila sentensi anaweka "mzee wangu".

"Mzee wangu, hii hapa. Memori ni nane. Ukifungua picha, ukifungua barua, ukifungua na mziki, haishtuki."

"Ni mpya?"

"Mzee wangu! Iko ndani ya boksi."

Nilitazama boksi. Karatasi ya gundi ilikuwa juu ya nyingine. Ya chini imekatwa, ya juu imebandikwa kuifunika, imepinda kidogo pembeni.

"Hii imefunguliwa."

"Mzigo ukikaguliwa lazima ufunguliwe, mzee wangu. Ningekuletea ambayo haijakaguliwa si ungesema ya magendo?"

Shemeji akacheka, akanipiga begani. "Shemeji yangu huyu hata komunyo anaikagua kwanza."

Wakacheka wote wawili, na nilivyowaona wanacheka nikajua wamezoeana kuliko mteja na muuzaji. Nililiona hilo palepale, na bado nililipa. Joto lilikuwa kali, mguu unauma, na mtu anayechekwa huwa anafanya haraka ili aondoke.

Nyumbani mke wangu aliipokea kama mgeni. Akaitandikia kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe chenye maua, akaifunika na kingine. Siku za kwanza ilikwenda. Halafu ikaanza. Ukifungua picha ya mtu uikate iwe ya pasipoti, inaganda. Mteja kakaa kwenye kiti, nyuma yake shuka la buluu, kanyoosha shingo, na mashine inafikiri. Mama mmoja aliniuliza, "Na yenyewe inasali?"

Nikaingia pale mashine inapojieleza yenyewe ilivyo. Memori: nne.

Kwa asiyejua, memori siyo kabati la kuhifadhia picha. Ni kama ubao wa kukandia unga. Ubao ukiwa mdogo, hata uwe na gunia la unga stoo, utakanda kidogo kidogo na watoto watalala na njaa. Niliambiwa nane, nimepewa nne. Nikampigia simu yule kijana, nikaweka sauti ya nje, mke wangu yupo anachambua maharage.

"Mzee wangu, nne ndiyo inayokuja nayo. Nane ni uwezo wake. Inaweza kufika nane."

"Wewe uliniambia ni nane."

"Nilisema inafika. Sikiliza, mzee wangu, usihangaike kuja huku na mguu huo. Nunua memori hapohapo Mbinga, fungua ubavu wa mashine, chomeka. Kazi ndogo sana, kama kubadilisha betri ya redio. Hata wewe mwenyewe unaweza."

Hata wewe mwenyewe unaweza. Hayo ndiyo maneno yake. Mke wangu aliinua kichwa kwenye maharage akasema, "Si afadhali aje fundi?" Kwa hiyo alisikia. Nataka hilo likae vizuri: alisikia.

Nikaenda Mbinga mjini, kwa fundi wa simu na kompyuta. Memori yenyewe ni kipande chembamba cha kijani, urefu kama wa kitana, kina meno ya rangi ya dhahabu chini na mkato mmoja ambao hauko katikati, ili usikichomeke kinyume. Fundi akasema nimletee mashine anifungie yeye.

"Nitakaa hapa niangalie?"

"Utaniachia mzee, uje kesho."

Huku kwetu hakuna mtu mwenye akili anayemwachia fundi kitu. Fundi anafungua redio yako, wewe umekaa kwenye kigoda mbele yake kama unachunga mbuzi, mpaka skrubu ya mwisho irudi. Ndiyo desturi, na fundi mwenyewe anaijua, hakasiriki. Huyu alitaka niondoke. Nikamwambia asante, nitafunga mwenyewe. Akanionyesha kwenye simu yake namna inavyofanyika, mara ya kwanza haraka, mara ya pili nikamwambia arudie taratibu, akarudia amenuna.

Nikaifungua mchana, mlango wazi, kila mtu anaona. Nilizima umeme ukutani, nikachomoa waya. Nikashika kwanza chuma cha dirisha, maana yule fundi alisema mwili wa mtu una umeme wake na unaweza kuunguza kile kipande. Ubavu wa mashine una skrubu mbili nyuma. Juu ya moja ilikuwa imebandikwa stika ndogo ya fedha yenye maandishi ya Kiingereza. Kiingereza changu kiliishia kwenye salamu. Bisibisi haiwezi kufika kwenye skrubu bila kuichana stika. Nikaichana.

Nikavuta ubavu ukatoka. Na hapo, kabla ya kugusa chochote, nikasimama kidogo. Ndani hapakuwa kupya. Kwenye mapanga ya feni kulikuwa na ukoko mweusi umeganda ukingoni. Nafasi za memori zilikuwa mbili: moja ina kipande chake, nyingine tupu, na ile tupu ilikuwa na mikwaruzo midogo ya kitu kilichowahi kuchomekwa na kung'olewa. Vishikizo vyake vilikuwa wazi, vimeinama nje. Mashine ya kiwandani wataiachaje vishikizo wazi? Kuna mtu aliwahi kutoa memori pale. Ile nane niliyotajiwa, kwa akili yangu mimi, iliwahi kuwepo kweli. Ilikuwa ya mtu mwingine.

Nikiwa bado nimeinama nikasikia mlangoni, "Tumsifu Yesu Kristu!"

"Milele na milele, amina. Mwalimu, karibu, lakini subiri kidogo."

Mke wangu alikuwa amemwita. Huku kitu kipya hakifanyi kazi mpaka kibarikiwe. Nyumba, pikipiki, mashine ya kusaga, cherehani, vyote vinanyunyiziwa. Hii kompyuta ilikuwa haijabarikiwa kwa sababu mwalimu alikuwa safarini parokiani, na mke wangu alikuwa ameshaamua kwamba kuganda kote kule ni kwa sababu hiyo.

"Afadhali umeifungua," mwalimu akasema, akikunja mkono wa shati. "Baraka itaingia mpaka ndani."

"Mwalimu, ndani humu hapaingii maji!"

"Maji ya baraka siyo maji ya bomba, mzee."

"Yanalowesha vilevile!"

Akina mama wa pasipoti wakaangua kicheko. Nikavuta kile kitambaa cha maua, nikafunika ubavu uliokuwa wazi, nikakishikilia kwa mikono miwili. Mwalimu akasali vizuri, akanyunyiza mbele, akanyunyiza kioo, akaninyunyizia na mimi. Kitambaa kilipata matone. Nilikiinua palepale nikatazama ndani, nikamulika na simu: pakavu. Nasema pakavu. Macho yangu hayajaharibika, kilichoharibika ni mguu.

Kisha nikachomeka memori. Mkato kwenye mkato wake, dole gumba huku na dole gumba kule, nikasukuma mpaka vishikizo vikasema ka, ka. Hapo ndipo kidole kiliposhuka mpaka kwenye kona kikarudi cheusi. Nikafunga, nikarudisha waya, nikabonyeza. Yaliyofuata nimeshayasema.

Nilijaribu tena. Nikaitoa memori mpya nikaiacha ile ya zamani peke yake: pi, pi, pi. Nikahamisha ya zamani upande wa pili: kimya, hata feni haikuzunguka. Mke wangu akasema, "Acha, utaimalizia." Mwalimu alikuwa ameshaondoka bila kuaga, na mwalimu huwa haondoki mahali bila kuaga.

Nikaifunga kwenye boksi lake, zile karatasi mbili za gundi ziko vilevile, nikashuka nayo Mbamba Bay nimeipakata kama mtoto. Kitambaa cha maua nilikiweka mfukoni. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimefutia ile kona nacho, kikawa ushahidi wangu, doa jeusi lenye upana wa kiganja. Mke wangu alinifokea kwa hilo kuliko alivyofoka kwa kompyuta.

Yule kijana hakuiwasha hata. Aliigeuza, akatazama stika, akatabasamu kwa huzuni kama padre kwenye maziko.

"Mzee wangu. Umefungua."

"Wewe uliniambia nifungue."

"Mimi?"

"Kwenye simu. Kama betri ya redio, ulisema."

"Mzee wangu, mimi nina waranti ya kulinda. Nitakuambiaje uchane stika? Hapa pameandikwa, ukichana, waranti imekufa." Akainamia mashine, akagusa matobo ya mbele kwa kidole. "Na hii je? Hii si alama ya maji?"

Palikuwa na kidoa kimekauka, mbele, kwenye plastiki.

"Ilibarikiwa," nikasema.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula muhogo. Akaanza kucheka mpaka akapaliwa. "Nilijua! Hawa watu wa juu hawa, wanabariki mpaka pasi!"

"Maji kwenye kompyuta, mzee wangu," kijana akasema. "Hapo hata mtengenezaji mwenyewe angekukimbia."

Nikatoa kitambaa, nikakikunjua juu ya meza yake. "Basi nieleze hili. Limetoka ndani, chini ya feni. Hili ni vumbi la makaa ya mawe."

Akalitazama. Nilikuwa namtazama yeye. Hakulitazama kama mtu asiyelijua. Asiyelijua angeuliza ni nini. Yeye alitazama mlango.

"Vumbi ni vumbi, mzee wangu. Huko kwenu malori ya makaa si yanapita?"

"Kwetu Mbuji? Kwetu inapita pikipiki yenye gunia la kahawa. Lori la makaa lipite Mbuji linamfuata nani?"

"Basi labda lilikuwa kwenye nguo zako. Shemeji yako kaniambia ulifanya kazi Ngaka."

Nguo zangu. Tangu nitoke Ngaka nimenyonyoka nywele, nimeoza meno mawili, nguo nilizokuwa nimevaa siku ile zilikatwa kwa mkasi hospitali. Na huyu anasema vumbi limenisubiri kwenye nguo miaka yote hiyo, likaingia ndani ya mashine yake mpya, likagandia kwenye feni mpaka likawa ukoko, kwa siku chache nilizokaa nayo.  Nikakunja kitambaa.

Shemeji akanisindikiza stendi. Alibeba boksi yeye, na hilo nalo si kawaida yake. Njiani alikuwa ananituliza.

"Shemeji, usimchukie kijana. Mashine ni mashine, inaamka siku moja inakataa. Hata kule ofisini ilikuwa haina tatizo, ilikuwa inapiga kazi asubuhi mpaka jioni."

Nikasimama. "Ofisini wapi?"

"Eeh?"

"Umesema kule ofisini. Ofisi gani?"

Shemeji akaweka boksi chini, akajifuta jasho, akatazama gari kama lingeweza kumjibia. "Maofisini, shemeji. Mashine za aina hii. Maofisini kote."

"Umesema ilikuwa. Hujasema zinakuwa."

"Wewe nawe! Panda gari, konda anaita."

Nilipanda. Sikuwa na la kufanya, gari la mwisho lilikuwa linajaa. Lakini njia nzima kupanda mlima, nikiwa na boksi mapajani, nilikuwa napanga mambo. Kuna ofisi mahali, karibu na makaa. Kuna mashine ilitumika pale mpaka ikachoka. Kuna mtu aliitoa, akang'oa memori moja akaiuza peke yake, akaifuta nje, akairudisha kwenye boksi. Na kuna mtu aliyejua haya yote, akala muhogo, akanicheka.

Nilimweleza mke wangu. Nikamwambia: wewe ulisikia simu, sema tu ulichosikia. Akasema, "Sikumbuki vizuri. Nilikuwa kwenye maharage." Ni kaka yake, najua. Tangu hapo chakula kinakuja mezani, maji ya kuoga yanachemshwa, lakini jina la Mbamba Bay halitajwi humu ndani. Mwalimu naye, nikimsalimia baada ya ibada, anaitikia huku anatembea. Anaogopa nitamtaja. Nimtaje kwa lipi? Mwalimu alinyunyiza mbele, nami nilikuwa nimefunika. Yeye wanamtumia kama walivyotumia mguu wangu, kufunikia jambo lingine.

Wameniweka mahali pazuri sana. Ili ujue mashine ni kuukuu lazima uifungue, na ukishaifungua huna tena haki ya kusema ni kuukuu. Aliyebuni mpango huo ana akili kuliko mimi, nakubali. Lakini mimi nilishawahi kusimama pale nilipotumwa, nikaumia, nikaambiwa nimejitakia, na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimelala kitandani na bomba puani. Safari hii sikulala.

Kwa hiyo wewe kijana wa duka, sitaki unirudishie kitu. Sema tu mbele ya watu kwamba uliniambia nifungue. Watu wa Mbuji wasikie hilo kinywani mwako, walete barua zao hapa.

Na wewe shemeji, utakuja huku kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wetu, mpwa wako, lazima uje. Nitakuwa mlangoni. Hutaingia kwa salamu wala kwa usipa uliofungwa kwenye gazeti. Nitakuuliza mbele ya dada yako na mbele ya mwalimu, na hutaingia mpaka ujibu: ofisi gani?